Rumangabo: Kwa nini sokwe wa Virunga huitwa familia

Anayetoka Goma kwa barabara ya taifa namba 2 kwenda Rutshuru hupita Kibumba, kisha Rugari, halafu hufika Rumangabo. Jina hilo linaamsha mambo mawili tofauti kwa wakaaji wa Kivu ya Kaskazini. Kwa wengi ni kambi ya jeshi, moja ya kambi kubwa mashariki mwa nchi, ambayo imebadilisha mikono mara kadhaa katika vita. Kwa wengine ni makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Virunga: ofisi za ICCN, walinzi wenye sare za kijani, na sokwe yatima wanaolelewa nyuma ya uzio.

Ni mahali pagumu kufundishia neno la Kiingereza "troop".

Kamusi ya Kiingereza inasema "troop" ni kundi la nyani au la sokwe. Lakini kamusi hiyo hiyo inasema kwamba neno hilo likiwa katika wingi ni wanajeshi. Kijana wa Rutshuru aliyesoma kwa Kifaransa anasikia ndani yake "troupe", na kwake "les troupes" ni watu wenye bunduki wanaopita barabarani. Atamwambiaje mgeni kwamba kesho asubuhi watapanda mlimani kutafuta "troop" ya Kabirizi, bila wote wawili kushtuka kidogo?

Kiswahili nacho hakimwokoi. "Kundi" ni neno zuri la zamani, la mbuzi, la ndege, la watoto wanaocheza. Lakini msikilizaji wa redio mashariki mwa Congo amelisikia kwa miaka 30 likifuatwa na maneno mengine: kundi lenye silaha, kundi la waasi, makundi ya wageni na ya wenyeji. Mtu akisema tu kwamba kundi limeonekana upande wa Bukima, swali la kwanza la mama anayelima karibu halitakuwa kuhusu sokwe.

Labda ndiyo sababu mojawapo neno "familia" limekaa vizuri sana Virunga. Walinzi wanasema familia ya Rugendo, familia ya Humba, familia ya Kabirizi, ya Mapuwa, ya Munyaga, ya Lulengo, ya Bageni. Kwa Kifaransa ni "famille", kwa Kiingereza ni "family". Mgeni anaelewa hapo hapo, na hakuna anayekimbia.

Maneno yaliyozaliwa kwa wawindaji

Mwanafunzi wa Kiingereza huambiwa mapema kwamba lugha hiyo haina jina moja kwa wanyama walio pamoja. Tembo na mbogo ni "herd". Simba ni "pride". Mbwa mwitu ni "pack". Ndege ni "flock", nyuki ni "swarm". Kisha orodha inaanza kuchekesha: twiga ni "tower", yaani mnara, vifaru ni "crash", kishindo cha kugongana, viboko ni "bloat", kuvimba. Tai wakiwa angani wanazunguka ni "kettle", birika. Wakitua juu ya mti ni "committee", kamati. Wakila mzoga ni "wake", mkesha wa msiba. Huyo aliyetaja tai hivyo amewahi kukaa matangani.

Nyingi kati ya hizi si za zamani kama zinavyoonekana. Orodha maarufu ilichapwa mwaka 1486 katika mji wa Saint Albans, kaskazini mwa London, miaka kumi tu baada ya mtambo wa kwanza wa kuchapa kuingia Uingereza. Kitabu hicho, kinachohusishwa na mwanamke aitwaye Juliana Berners, kilikuwa cha mabwana: namna ya kufuga kipanga wa kuwindia, namna ya kuwinda paa na nguruwe mwitu, na alama za ngao za koo kubwa. Ndani yake mlikuwa na orodha ndefu ya majina ya makundi. Kijana wa ukoo mkubwa alipaswa kuyajua ili asionekane mshamba mbele ya wenzake. Hayakuwekwa ili kuwasaidia watu waelewane, ila ili kumtambua nani ni wa ndani na nani ni wa nje.

Ndimo lilimo neno "pride" la simba, ambalo pia ni fahari au kiburi. Ndimo lilimo "leap" la chui, yaani mruko, ingawa chui hutembea peke yake na mtu angesubiri sana kuona watano pamoja. Kunguru wamepewa "murder", mauaji. Neno hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Goma. Kunguru wenye kifua cheupe wanaotafuta chakula kwenye taka za mji hawajamuua mtu, lakini Kiingereza kimewahukumu tangu karne ya 15.

Orodha hiyo haikuwa ya wanyama tu. Waandishi wake waliingiza pia watawa, waamuzi, wapishi, na kila mmoja alipata neno lake la mzaha. Ilikuwa nusu elimu, nusu utani, na wasomaji wa wakati ule walijua hivyo. Wanaoikariri leo kama amri ya sarufi wanaichukulia kwa uzito kuliko walioiandika.

Kwa nyani wa kila aina, kitabu kiliweka "shrewdness", yaani ujanja. Sokwe wa milimani hakumo. Asingeweza kuwamo: wanasayansi wa Ulaya walimwandika sokwe wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1847, na wa milimani walimjua Oktoba 1902, wakati afisa Mjerumani Robert von Beringe alipopiga risasi sokwe wawili kwenye mlima Sabinyo, katika safu hii hii ya volkano. Wakaaji wa miguu ya milima walikuwa wakimwita kwa jina lao muda wote huo. Wanaosema Kinyarwanda humwita ingagi. Kwa hiyo "tower" la twiga, "crash" la vifaru na "bloat" la viboko ni maneno yaliyoongezwa baadaye sana, kwa kufuata mchezo wa zamani. Mtaalamu wa viboko hatumii "bloat" katika ripoti yake. Anaandika "group" au "pod" na kuendelea na kazi.

Benchi ya samaki

Mwanafunzi wa Congo anaingia katika orodha hii akiwa na mzigo wa pili begani, Kifaransa. Nacho kina yake. Tembo ni "troupeau", nyuki ni "essaim", na samaki ni "banc". Kila mtoto aliyekaa darasani anajua "banc" ni benchi. Anafika kwenye Kiingereza na kuambiwa samaki wale wale ni "school". Basi samaki wana benchi kwa Kifaransa na shule kwa Kiingereza, na wavuvi wa Vitshumbi kwenye ziwa Edward hawajawahi kuona mwalimu wao.

Ukweli wake ni mwepesi. "School" ya samaki haitoki kwenye shule ya masomo. Ilitoka kwenye neno la Kiholanzi lenye maana ya umati, na maneno mawili yakakutana kwa sauti moja. Hapo hakuna picha ya kutafuta. Ni la kukariri tu.

Kiswahili cha shule kinayo maneno yake ya namna hii, ingawa wengi huku Kivu hawafundishwi. Nyuki ni bumba. Siafu ni jeshi. Nzige ni wingu. Samaki waliounganishwa kwa kamba sokoni ni mtungo. Maneno haya yana picha iliyo wazi: aliyewahi kuona nyuki wamening'inia kwenye tawi la mparachichi anajua bumba ni nini kabla ya kuuliza. Lakini kwa wanyama wakubwa, Kiswahili kinarudi kwenye "kundi", na katika Kiswahili cha mitaani huku mashariki hata mnyama mwenyewe hupoteza jina. Sokwe, nyani, ngedere, kima: wote ni "makako". Hapo ndipo mafunzo ya Kiingereza yanapoanza kumdai mtu Kiswahili chake. Huwezi kuchagua kati ya "troop", "group" na "community" kama hujasema kwanza ni mnyama gani.

Chukua mfano wa Tongo, magharibi ya Rumangabo, ambako msitu umeota juu ya mawe ya volkano na sokwe mtu wanaishi ndani yake. Kwa Kiingereza hao ni "community", jumuiya, na neno hilo halikuchaguliwa kwa mapambo. Sokwe mtu wa jumuiya moja hawatembei pamoja kila siku. Asubuhi wanne wanakwenda kwenye mtini, saba wanabaki bondeni, jioni wanachanganyika upya. Kikosi cha muda kama hicho kinaitwa "party". Mwongozaji akimwambia mgeni kwamba "group" ina sokwe saba, mgeni ataandika kwamba Tongo imebaki na sokwe saba. Akisema "party" ya saba, mgeni anajua wengine wako mahali fulani.

Sokwe wa milimani ni kinyume chake. Hao hukaa pamoja mchana na usiku, wakimfuata dume mkubwa ambaye manyoya ya mgongo wake yamegeuka rangi ya fedha. Jioni kila mkubwa hujenga kitanda chake cha majani, na mtoto hulala kwa mama. Kesho yake wafuatiliaji huanza pale walipowaacha jana, hutafuta vitanda, huvihesabu, kisha hufuata njia ya majani yaliyokanyagwa mpaka wawapate. Kwao familia ni hesabu ya kila asubuhi. Kitanda kikipungua, kuna jambo.

Hesabu inayotegemea neno

Hesabu kubwa ya sokwe wa milima ya Virunga, iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 katika Congo, Rwanda na Uganda na kutangazwa Mei 2018, ilipata sokwe 604. Taarifa yake ilisema hivi: makundi 41, na madume 14 wanaoishi peke yao. Katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, hesabu ya mwaka 2018 ilipata 459, katika makundi 50, pamoja na 13 walio peke yao. Jumla 1,063.

Msomaji anaweza kuruka mstari wa makundi na kushika jumla. Lakini mstari huo unasema mengi. Ukitoa madume wa peke yao, kila kundi la milima ya Virunga lina wastani wa sokwe 14, na kila kundi la Bwindi karibu 9. Na dume aliye peke yake hahesabiwi kama kundi, hata awe mkubwa namna gani. Watu waliokwenda msituni walilazimika kukubaliana mapema nini ni "group", kwa sababu walifuata vitanda vya usiku kadhaa na kukusanya vinyesi vya kupimwa maabara, ili familia moja isihesabiwe mara mbili na timu mbili. Mwaka 1981 sokwe wa milima hii walikuwa karibu 250 tu. Novemba 2018, shirika la IUCN liliwatoa kwenye ngazi ya walio hatarini kabisa na kuwaweka kwenye ngazi ya walio hatarini.

Kuna pia suala la majina ya familia zenyewe. Mmarekani Dian Fossey alianza kazi yake upande wa Congo, huko Kabara chini ya mlima Mikeno, Januari 1967. Julai ya mwaka huo vita vilimtoa: wanajeshi walimshusha mlimani na kumshikilia Rumangabo, kisha akaponyoka na kuvuka Uganda. Septemba akafungua kituo cha Karisoke upande wa Rwanda, na vitabu vya dunia vikajaa sokwe wake. Yeye alizipa familia namba: Group 4, Group 5, Group 8. Kila sokwe alikuwa na jina lake, ila familia ilikuwa na tarakimu. Huku Congo desturi imekuwa tofauti, familia hubeba jina la dume anayeiongoza au aliyeianzisha. Mwaka 2013 Bageni alipogombana na baba yake Kabirizi na kuondoka na sehemu ya majike, ilizaliwa familia mpya yenye jina lake. Hakuna orodha ya Kiingereza inayoweza kukueleza jambo hilo. Jina "Bageni" linaeleza lote kwa anayejua habari.

Jina hubaki hata mwenyewe akifa. Usiku wa tarehe 22 Julai 2007, watu wenye silaha waliua sokwe wa familia ya Rugendo karibu na Bukima. Dume mkubwa Senkwekwe aliuawa, na majike Neza, Safari na Mburanumwe, huyu wa mwisho akiwa na mimba. Picha ya Senkwekwe amelazwa juu ya machela ya miti, akibebwa mabegani na wanaume wengi wakipita katikati ya mashamba, ilizunguka dunia. Ilibebwa kama maiti ya mkubwa wa kijiji. Magazeti ya Kiingereza siku zile yaliandika "family", na baadhi yalizungumza juu ya mauaji kwa neno "murder", lile lile la kunguru, safari hii kwa maana yake ya kweli.

Kazi na fedha

Anayefikiri kwamba haya ni michezo ya maneno aangalie yanaingia wapi. Mwongozaji anayeweza kueleza kwa Kiingereza safi ana mlango wa kazi. Wageni wengi wa sokwe hutoka Marekani, Uingereza, au hupitia Kigali na Kampala ambako Kiingereza ndicho kinachotangulia. Tangu Congo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, vijana wa Goma wameona pia kwamba barua nyingi za jumuiya hiyo zinaandikwa kwa lugha hiyo. Shuleni Kiingereza hufundishwa katika sekondari, saa chache kwa wiki, na mtu hutoka akijua kusalimu na kujitambulisha. "Silverback" hatoki nayo darasani.

Lakini mlango huo umefungwa zaidi ya kufunguliwa. Mei 2018 gari la watalii lilivamiwa kaskazini ya Goma. Mlinzi mmoja wa kike aliuawa na Waingereza wawili walitekwa kabla ya kuachiwa. Mbuga ilifungia watalii mpaka Februari 2019. Machi 2020 ilifunga tena, kwa ajili ya Covid, kwa sababu sokwe hupata mafua ya binadamu. Mwishoni mwa 2021 vita vya M23 vilirudi katika eneo la sokwe lenyewe, na Oktoba 2022 vikafika Rutshuru, Kiwanja na Rumangabo. Wapo waliojifunza maneno yote na hawakupata mgeni wa kumwambia.

Maneno hayo bado yanaingia kwenye ripoti, na huko yana uzito mwingine. Mwaka 2020 mbuga ilitangaza kwamba tembo zaidi ya 500 walikuwa wamevuka kutoka Queen Elizabeth nchini Uganda na kuingia Virunga. Habari ilienea kama "herd" moja kubwa. Tembo, hata hivyo, huishi katika familia ndogo zinazoongozwa na jike mzee. Mamia wakionekana pamoja ni familia nyingi zilizokutana, kama watu wa vijiji mbalimbali siku ya soko. Neno moja, "herd", linafunika yote mawili, na mfadhili anayesoma mbali hawezi kujua ni nini hasa kilichorudi.

Na viboko. Katika miaka ya 1970 mito na ufuo wa ziwa Edward ulikuwa na zaidi ya viboko 25,000, wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Katikati ya miaka ya 2000, baada ya vita na biashara ya nyama na meno, walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge waliona matokeo kwenye nyavu zao, kwa sababu kinyesi cha kiboko ndicho mbolea ya maji, na tilapia hufuata. Katika miaka yote hiyo watoto wa shule za Kiingereza sehemu mbalimbali za dunia waliendelea kukariri kwamba viboko wengi ni "bloat". Okapi, aliye kwenye nembo ya ICCN, ameepuka usumbufu huu wote: anaishi peke yake msituni na hahitaji jina la wengi.

Kituo cha Senkwekwe kilichopo Rumangabo, kilichopewa jina la dume yule aliyeuawa, ndicho pekee duniani kinacholea yatima wa sokwe wa milimani. Ndakasi na Ndeze waliletwa huko baada ya mama zao kuuawa mwaka 2007; Maisha na Kaboko waliokolewa mikononi mwa wawindaji haramu. Walitoka sehemu mbalimbali, hawakuwa na dume wa kuwaongoza, na mlezi wao, Andre Bauma, alilala nao walipokuwa wadogo ili wasife kwa baridi na upweke. Kaboko alikufa mwaka 2012, wakati mapigano yalipozunguka kituo. Ndakasi alikufa mikononi mwa Bauma tarehe 26 Septemba 2021, akiwa na miaka 14. Kwa kanuni za wahesabu, sokwe hao hawakuwa "group", maana hawakulala msituni. Bauma alizoea kuwaambia wageni, kwa lugha yoyote waliyokuja nayo, kwamba hao ni familia yake.